Rubani ndiye mwenye dhamana, lakini hajui kila kitu

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalipitia bila kulitafakari. Tunapopanda ndege, roho zetu tunamkabidhi nani? Jibu la haraka ni kuwa tunamkabidhi rubani. Jibu hilo ni sahihi, lakini si kamili, na mimi nilijifunza kuwa si kamili kwa njia ya aibu.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu alfajiri kutoka Pemba kuwa mjomba wangu amefariki. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kutangulia mbele ya haki; yeye ndiye aliyenipeleka chuoni na skuli. Maziko yalipangwa baada ya Sala ya Alasiri. Nikakimbilia uwanja wa ndege hapa Dar es Salaam, nikapata nafasi katika ndege ndogo ya saa nne asubuhi.

Saa nne ikafika, hatukuitwa. Kupitia kioo tukamwona fundi amefungua kifuniko cha injini, na rubani, kijana mdogo tu, amesimama kando yake. Saa tano ikapita. Ilipokaribia saa sita rubani yule akaja mwenyewe kutueleza. Fundi ameona mafuta ya kulainisha injini yanavuja, hajaridhika, na hawezi kutia sahihi. Ndege haitaruka mpaka kipuri kipatikane, na kipuri hakitapatikana siku ile.

Zogo likaanza. Mmoja wetu akasema ajali ni kadari, siku ikifika imefika, turuke tu. Mimi, Allah anisamehe, nilisimama mbele ya kijana yule nikamwambia kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: "Hivi wewe ndiye rubani au yule fundi ndiye rubani? Mwenye ndege ni nani hapa?"

Hakukasirika. Alinijibu kwa utulivu: "Mzee wangu, rubani ni mimi. Ndiyo maana namsikiliza."

Sikumwelewa. Nilikaa pale hadi jioni nikiwa na hasira, mjomba wangu akazikwa mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Dar es Salaam. Nilifika Pemba kesho yake, nikalikuta kaburi na udongo mbichi. Lakini maneno ya kijana yule yalikataa kunitoka. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya ajali za ndege na sababu zake, na leo nataka nikushirikishe niliyoyapata.

Sheria inasemaje?

Tuanze na dhamana. Usafiri wa anga duniani unaongozwa na mkataba uliotiwa saini Chicago, Marekani, mwaka 1944. Kanuni zilizotokana na mkataba huo ziko wazi: rubani mkuu ndiye mwenye jukumu la uendeshaji wa ndege na ndiye mwenye kauli ya mwisho, awe ameshika usukani yeye mwenyewe au ameshika msaidizi wake. Anaruhusiwa hata kwenda kinyume na kanuni za anga pale usalama unapolazimisha kabisa. Hakuna meneja wala abiria awe mheshimiwa kiasi gani mwenye uwezo wa kumwamuru aruke ikiwa yeye ameona si salama.

Sasa hebu tujiulize. Mtu aliyepewa madaraka makubwa namna hii anajua nini kuhusu ndege yake asubuhi anapoingia kazini? Injini hakuifungua yeye, ameifungua fundi usiku yeye akiwa amelala. Mafuta katia mtu mwingine, na mizigo kaipima na kuipanga mtu mwingine. Hali ya hewa ya huko aendako kaambiwa na mtabiri. Kama njia ya kurukia ni tupu ama kuna ndege nyingine, anaambiwa na mwongoza ndege aliyeko mnarani. Hata namna ndege yenyewe inavyofanya kazi kaisoma katika kitabu kilichoandikwa na waliyoitengeneza, watu ambao hajawahi kuonana nao.

Kwa hiyo rubani ana dhamana ya vitu ambavyo vingi hakuvifanya yeye na hawezi kuvikagua vyote. Hapo ndipo penye mtihani. Akisema "nitafanya kila kitu mwenyewe," hataruka hata siku moja. Akisema "mimi ni rubani tu, hayo ni ya wengine," ataua watu. Njia iliyo sawa ni ya katikati, na njia hiyo ina adabu zake. Tuzitazame kwa mifano.

Hesabu iliyozimisha injini mbili

Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, safari namba 143, iliondoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Ndani yake mlikuwa na watu 69. Rubani mkuu alikuwa Robert Pearson, msaidizi wake Maurice Quintal. Ndege ilikuwa mpya kabisa.

Siku ile mita za kuonyesha mafuta zilikuwa hazifanyi kazi. Usiku uliotangulia fundi wa mji mmoja alikuwa amegundua kuwa akizima swichi fulani, mita zinaonyesha. Fundi mwingine Montreal akaiwasha tena swichi ile ili achunguze, akaitwa kazi nyingine, akaiacha. Mita zikawa tupu. Kepteni Pearson alipozungumza na rubani aliyeileta ndege akaelewa vibaya, akadhani ilikuwa imeruka na mita tupu vile vile. Orodha ya kampuni haikuruhusu ndege kuruka katika hali hiyo, lakini yeye aliamini kuwa mafundi wamekwishaidhinisha.

Basi wakapima mafuta kwa vijiti vilivyoko chini ya bawa, kisha ikabidi wapige hesabu. Nakuomba ndugu msomaji tuipige pamoja. Walikuta matenki yana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Lita moja ya mafuta yale ilikuwa na uzito wa kilo 0.803, ambazo ni sawa na pauni 1.77. Kanada wakati ule ilikuwa inahama kutoka vipimo vya Kiingereza kwenda vipimo vya kilo na lita, na ndege hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza katika kampuni ile kupimwa kwa kilo. Karatasi waliyopewa, kwa mazoea, ilikuwa imeandikwa 1.77.

Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597. Hizo zilikuwa pauni, wao wakazisoma kuwa ni kilo. Wakazitoa katika 22,300, zikabaki 8,703. Wakagawa kwa 1.77, wakaona wanahitaji kuongeza takriban lita 4,917. Zikatiwa.

Hesabu sahihi ni hii: lita 7,682 mara 0.803 ni kilo 6,169. Zilipungua kilo 16,131, yaani lita 20,088. Waliongeza chini ya robo ya kilichotakiwa, wakaondoka na chini ya nusu ya mafuta ya safari. Walipotua Ottawa walipima tena, wakazidisha tena kwa 1.77 ile ile, na jibu likawaridhisha tena. Kukagua mara mbili kwa kutumia kosa lile lile si kukagua.

Wakiwa angani magharibi ya Ottawa, futi 41,000 juu, king'ora kikalia. Injini moja ikazima, kisha ya pili. Ndege ya abiria ikawa kishada kisicho na uzi. Hapo Mwenyezi Mungu akaleta rehema zake kupitia elimu ya watu wawili. Pearson alikuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizo na injini kama burudani yake, na Quintal aliwahi kutumikia jeshi la anga katika kituo cha zamani kiitwacho Gimli kilichokuwa karibu. Wakaielekeza huko. Kituo kilikuwa kimegeuzwa kuwa uwanja wa mashindano ya magari, na siku ile kulikuwa na familia za watu. Wakatua, gurudumu la mbele likakunjika, ndege ikaburuza pua hadi ikasimama. Hakufa mtu hata mmoja.

Swali la kujiuliza: kosa lilikuwa la nani? Kampuni ilimshusha cheo Pearson kwa muda na kuwasimamisha kazi msaidizi wake pamoja na mafundi. Lakini tume ya uchunguzi ilikwenda mbali zaidi. Katika ndege za zamani kulikuwa na mtu wa tatu kwenye chumba cha rubani, injinia wa ndege, na hesabu ya mafuta ilikuwa kazi yake. Katika 767 mtu huyo aliondolewa. Kampuni haikuwa imesema wazi kazi yake sasa ni ya nani. Marubani walidhani ni ya mafundi, mafundi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Kila mmoja alimtegemea mwenziwe kwa elimu ambayo mwenziwe hakuwa nayo.

Somo la kwanza ni hilo. Kumtegemea mtaalamu ni wajibu, lakini kwanza uwe na hakika kuwa yupo. Usitegemee kiti kitupu.

Fundi aliyemdharau mtunza stoo

Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, safari namba 5390, iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Baada ya dakika kama 13, ikiwa imepita futi 17,000, kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kikang'oka. Upepo ukamvuta Kepteni Tim Lancaster nje kuanzia kiunoni kwenda juu. Mhudumu mmoja akamdaka miguu, na wenzake wakapokezana kumshikilia. Msaidizi wake, Alastair Atchison, akaiteremsha ndege peke yake hadi Southampton. Kepteni alinusurika, na baada ya miezi akarudi kazini.

Kilichotokea ni nini? Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Msimamizi wa mafundi wa zamu ya usiku aliifanya kazi ile mwenyewe. Alikwenda stoo na bolti moja ya zamani kutafuta zinazofanana nayo. Mtunza stoo akamwambia kuwa bolti zinazotumika kwenye kioo kile ni za namba nyingine. Mtunza stoo ni nani hata amfundishe msimamizi wa mafundi? Hakumsikiliza. Akaenda kwenye kabati jingine lililokuwa na mwanga hafifu, akalinganisha kwa macho, akachukua. Kati ya bolti 90 alizofunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Tofauti yenyewe haikufika milimita moja.

Kuna jambo jingine la kuzingatia katika mkasa huu. Taratibu za wakati ule hazikumtaka mtu wa pili aikague kazi ile. Aliyefunga ndiye aliyejikagua. Kepteni Lancaster angefanya nini hata aligundue kosa lile? Wakati anaizunguka ndege yake asubuhi kuitazama, kama kila rubani afanyavyo, asingeweza kuona bolti iliyopungua unene kwa nusu milimita na kidogo. Roho yake ilikuwa katika amana ya mtu aliyefanya kazi usiku, ambaye naye alitakiwa ampe sikio mtu wa stoo.

Somo la pili: elimu haiendi kwa cheo. Mtu wa chini yako anaweza kuwa juu yako katika jambo moja tu, na jambo hilo moja ndilo linalokuhitaji uwe mnyenyekevu.

Kepteni mkubwa na swali la injinia

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga haikutokea angani. Ilitokea ardhini, katika kisiwa cha Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilielekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa kisiwa cha jirani. Ukungu ukatanda. Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia ile ile ambayo KLM ilikuwa imesimama mwishoni mwake, tayari kuruka. Waongoza ndege mnarani hawakuweza kuziona.

Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mwalimu wa marubani wa kampuni yake, na picha yake ilitumika katika matangazo yake. Mara ya kwanza aliposogeza mikono kuongeza nguvu, msaidizi wake alimkumbusha kuwa hawajapewa ruhusa. Akangoja. Muda mfupi baadaye mnara ukawapa maelekezo ya njia ya kupita baada ya kuruka, si ruhusa ya kuruka, na yeye akaanza kuondoka. Safari hii msaidizi hakumzuia. Injinia wa ndege, aliyekuwa akisikiliza redio, aliuliza kama ile ya Pan Am imekwishatoka njiani. Kepteni akajibu kwa mkazo kuwa imetoka. Injinia akanyamaza. Sekunde chache baadaye watu 583 walikuwa wamekufa ama wanakufa. Walionusurika ni 61, wote wa ndege ya Pan Am.

Ndugu msomaji, lile swali la injinia ndilo lingeokoa roho zote zile. Elimu ilikuwemo ndani ya chumba cha rubani. Kilichokosekana ni nafasi ya elimu hiyo kusikika mbele ya mkubwa. Kepteni aliyekuwa na jina dogo zaidi huenda angeulizwa mara ya pili.

Baada ya msiba huo mambo mengi yalibadilika. Neno la kuruka lilipigwa marufuku kutumika redioni isipokuwa pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliitisha kikao mwaka 1979 kuchunguza mahusiano ndani ya chumba cha rubani, na kuanzia mwaka 1981 mashirika ya ndege yakaanza kufundisha somo ambalo zamani lingeonekana ni utovu wa heshima: mdogo afundishwe kusema, na mkubwa afundishwe kusikiliza. Waislamu somo hili si geni kwetu. Tunaliita shura. Tatizo ni kuwa tunalisoma darasani, tukitoka tunaliacha kwenye mlango pamoja na viatu.

Somo la tatu: anayejua na akanyamaza ana sehemu yake katika dhamana, na mkubwa anayewafanya wenziwe wanyamaze ana sehemu kubwa zaidi.

Yasiyoandikwa kitabuni

Mfano wa nne uko karibu nasi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka, wakafa watu wote 157, wakiwemo Wakenya wengi. Miezi michache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX ya kampuni ya Lion Air, ilikuwa imeanguka baharini Indonesia ikaua watu 189.

Ndani ya ndege hizi watengenezaji walikuwa wameweka programu ya kompyuta inayoisukuma pua ya ndege chini inapodhani kuwa pua imenyanyuka kupita kiasi. Programu hiyo ilitegemea habari kutoka kifaa kimoja tu nje ya ndege, ingawa vilikuwepo viwili. Kifaa kile kikisema uongo, programu iliuamini uongo. Na kabla ya ajali ya kwanza, marubani hawakuwa wameelezwa kuwa programu hiyo ipo. Haikutajwa katika vitabu vyao vya mafunzo. Marubani wale wa Indonesia walipambana na mtu wasiyejua kuwa yumo ndani ya nyumba.

Lakini kuna jambo katika habari ya Lion Air ambalo halikutangazwa sana. Ndege ile ile, usiku uliotangulia, ilitoka Denpasar kwenda Jakarta ikiwa na tatizo lile lile. Siku hiyo alikuwemo chumbani rubani wa tatu, aliyepewa lifti tu. Akasaidia kulitambua tatizo, wakazima swichi za umeme zinazosogeza bawa la mkia, wakafika salama. Walipotua, rubani mkuu aliandika taarifa katika daftari la ndege, lakini hakuandika yote. Hakueleza kuwa usukani ulikuwa ukitikisika kuonya tangu waliporuka, wala kuwa ilibidi wazime swichi zile. Mafundi wakatengeneza kile walichoandikiwa. Asubuhi yake marubani wengine wakaipokea ndege kwa kuliamini daftari.

Somo la nne: unapomtegemea mwingine kwa elimu yake, na wewe unategemewa kwa habari yako. Mtengenezaji aliyeficha na rubani aliyefupisha hawako daraja moja la kosa, lakini wote wawili walimwachia mwenzao pengo.

Na abiria je?

Abiria naye ana fungu lake. Tarehe 23 Novemba 1996 vijana watatu waliiteka ndege ya Ethiopia, safari namba 961, iliyokuwa inakuja Nairobi. Walitaka iwapeleke Australia. Kepteni Leul Abate aliwaeleza kuwa mafuta hayatoshi. Hawakumwamini. Walikuwa wamesoma katika gazeti la ndani ya ndege kuwa ndege ya aina ile inaweza kukaa angani saa 11, wakajiona wanajua kuliko yeye. Mafuta yalikwisha karibu na Ngazija, Komoro, na ndege ikaanguka majini mbele ya ufukwe wa watu. Kati ya watu 175, walikufa 125.

Miongoni mwa waliokufa wamo walioyajaza hewa majaketi yao ya kujiokolea wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yaliwanyanyua hadi kwenye dari, wasiweze kupiga mbizi kutafuta mlango. Maelekezo ya kutojaza hewa mpaka uwe umetoka hutolewa katika kila safari, yale ambayo wahudumu wanayaonyesha kwa mikono sisi tukiwa tunatazama simu zetu.

Mtekaji yule na mimi tulitofautiana kwa mengi, alhamdulillah. Lakini nilipokisoma kisa hiki nilitambua kitu kimoja tulichofanana. Wote wawili tulisimama mbele ya rubani tukamwambia kuwa haja yetu ina nguvu kuliko elimu yake.

Hoja ya kadari

Sasa turudi kwa yule mwenzangu aliyesema siku ikifika imefika. Maneno haya yanasikika sana katika vituo vyetu vya mabasi na bandarini, na husemwa kwa sura ya uchamungu. Ni kweli ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini kisa cha bedui na ngamia wake sote tunakijua, sina haja ya kukirejea. Kutawakali kunaanzia mahali ambapo kazi ya mja imekwisha. Fundi aliyeona mafuta yanavuja kazi yake ilikuwa haijakwisha. Kumtaka atie sahihi kisha tumtegemee Mungu ni kumtaka aseme uongo wa maandishi, halafu tuusindikize kwa dua.

Ndugu msomaji, usidhani nazungumzia ndege tu. Kila mmoja wetu ni rubani wa kitu fulani. Baba ni mwenye dhamana ya nyumba, lakini si tabibu. Mama watoto akisema mtoto huyu hapumui sawasawa, yeye ndiye aliyekaa naye mchana kutwa. Mwenyekiti wa msikiti ana dhamana ya jengo, lakini si mwashi. Mwashi akisema nguzo hii haitabeba ghorofa, ahadi tuliyowapa waumini ya kumaliza kabla ya Ramadhani haiongezi nondo hata moja. Mwenye boti ana dhamana ya boti, lakini nahodha akisema bahari imechafuka, faida ya Sikukuu haitulizi mawimbi.

Kwa hiyo nafupisha niliyoyapata, ili yakusaidie. Jua mipaka ya elimu yako. Mjue mwenye elimu unayoikosa, na uhakikishe yupo na anajua kuwa kazi hiyo ni yake. Muulize, na swali lako lisiwe na jibu ndani yake. Akikwambia usilolipenda, mshukuru. Wewe ukijua jambo, lisema, na uliandike lote. Kisha uamue mwenyewe na ubebe lawama mwenyewe, maana kumsikiliza fundi hakumwondolei rubani dhamana. Yule kijana hakusema "fundi amekataa, mimi sina la kufanya." Alikuja mbele yetu, akasimama, akabeba matusi yetu yeye. Hiyo ndiyo maana ya jibu lake ambayo sikuielewa siku ile. Alimsikiliza fundi kwa sababu dhamana ilikuwa yake.

Inawezekana ndege ile ingefika Pemba salama, nikamzika mjomba wangu kwa mikono yangu. Ukweli huo unaniuma hadi leo, wala haubadilishi hukumu. Ajali iliyozuiwa haina ushahidi, na anayeizuia hashukuriwi na mtu. Analipwa kwa kelele za watu wenye haraka.

Niliporudi kutoka Pemba nilimtafuta rubani yule uwanjani nimwombe radhi. Sikumkuta, alikuwa safarini. Nilimkuta fundi, amelala chini ya bawa kwenye kipande cha boksi, mikono imejaa grisi. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye yule mzee aliyepiga kelele. Akacheka, akasema wazee wanaopiga kelele ni wengi, hakumbuki ni yupi. Nikamwomba anisamehe, akasema yamekwisha, akarudi chini ya bawa lake.

Siku utakapoambiwa ndege haitaruka kwa sababu fundi hajaridhika, mwombee dua fundi huyo, kisha utafute kiti ukae.

Wabillahi tawfiq.